Swali Ambalo Esperance Hakuulizwa

Juni hii nimerudisha kitambulisho, ufunguo wa kabati, na vile vipokea sauti ambavyo havikuwahi kukaa vizuri masikioni mwangu. Kampuni ilininunulia keki yenye jina langu, likiwa limekosewa herufi mbili. Sikushangaa, ndivyo walivyolikosea kwenye ratiba kila Jumatatu. Ninyi wakalimani vijana mliila keki hiyo kwa bidii, kisha mmoja wenu akaniuliza mbele ya wote: "Mama Mwende, miaka yote hii umekaa katikati ya walimu na wazazi. Tuachie basi siri ya kazi."

Nikajibu kwamba siri ni kwenda msalani kabla ya mkutano. Mkacheka. Nilipofika nyumbani nilijikasirikia, kwa sababu siri ninayo na sikuisema. Sikuisema kwa kuwa inaanza na aibu yangu mwenyewe. Naiandika sasa, na mtanisamehe nisipotaja nani alipandishwa cheo na nani hakupandishwa. Hayo mtayajua bila mimi.

Nilikuja Louisville, jimbo la Kentucky hapa Marekani, kusoma, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Machakos, mwenye sanduku moja na hakika kwamba baada ya miaka miwili ningerudi. Sikurudi. Nilisoma, nikaolewa, nikamzaa Mwende, nikawa mama wa shule ya Jumapili katika kanisa letu la Wakenya. Familia za Wakongo kutoka milima ya Kivu Kusini zilipoanza kuwasili mjini, mkuu fulani wa shule alisikia kwamba kuna mwanamke kanisani anayejua Kiswahili, akapiga simu. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna aliyeniuliza Kiswahili gani.

Siku yangu ya kwanza nilitoka jasho. Mama aliyekaa mbele yangu alizungumza juu ya batoto bake, yaani watoto wake, akatia "donc" na "bon" za Kifaransa kila penye nafasi, na mimi mwenye cheti cha ualimu nilimwomba arudie maneno mara tano. Mwishowe alinionea huruma akaanza kusema polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Aliyeniokoa ni Mama Chantal, mwanamke wa Uvira, kule Kongo, aliyeianza kazi hii kabla yangu, mfupi, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Alinifundisha kila kitu ninachokijua. Kalamu mbili, kwa sababu moja itakufa. Daftari la kufungulia juu, ili kurasa zisipige kelele. Andika namba, tarehe na majina tu. Mengine yabebe kichwani. Kiti chako kikae nyuma kidogo ya bega la mzazi, ili mzazi amtazame mwalimu, na mwalimu amtazame mzazi, na wewe uwe kama dirisha.

Na kanuni iliyo kubwa kuliko zote: mkalimani husema "mimi". Mwalimu akisema "nina wasiwasi na mwanao", wewe husemi "mwalimu anasema ana wasiwasi". Unasema "nina wasiwasi na mwanao", kwa kinywa chako, kwa lugha ya nyumbani kwa yule mzazi. Usiongeze, usipunguze, usilainishe. Miaka mingi niliipenda kanuni hii. Ilinipa raha ya mtu asiyewajibika kwa lolote anenalo.

Sasa nafika kwa Esperance.

Ilikuwa mwaka wa 2014, baridi ikianza. Ratiba ilinituma katika shule moja ya sekondari upande wa kusini wa Louisville. Sababu ya mkutano iliandikwa "usalama wa mwanafunzi", muda nusu saa. Shule hiyo niliifahamu. Wiki tatu kabla, walikuwa wamenipa bango ili nilitafsiri: shule hii ni nyumba ya kila mwanafunzi, ampende amtakaye, ajitambue ajitambuavyo. Lilitoka katika lugha sita, kwa rangi zote za upinde wa mvua, na mstari wa Kiswahili, kwa kuwa ulikuwa wa mwisho, ulikatwa nusu na mashine. Walilibandika ukutani kuelekea chumba cha wasichana cha kubadilishia nguo za michezo. Mlango wa chumba hicho haukuwa na kitasa. Mwalimu aliyepaswa kukisimamia alikaa ofisini kwake mwisho wa ukumbi, akisikiliza redio.

Ndani ya chumba hicho, mbele ya bango letu zuri, wasichana wanne walikuwa wamemsukuma Esperance kwenye makabati ya chuma mpaka jino lake la mbele likavunjika pembe. Haikuwa mara ya kwanza. Walikuwa wamesoma daftari lake, humo alimokuwa ameandika mambo ya msichana mwenzake wa darasa la hesabu, na tangu siku hiyo nguo zake zilikuwa zikiokotwa chooni. Alikuwa na miaka kumi na tano, mrefu, mwenye tabia ya kuvuta mikono ya sweta mpaka inafunika vidole. Mshauri wa wanafunzi alipomuuliza sababu ya kupigwa, alimwambia ukweli. Alidhani anamwambia mtu mmoja.

Mshauri huyo nitamwita Bi. Dana. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwa sababu mtu mbaya ningejua nimfanye nini. Alikuwa na sanduku la tishu mezani na macho yaliyokwisha kuloa kabla hatujaketi. Baba yake Esperance alikuja moja kwa moja kutoka ghalani alikofanya kazi ya kupakia maboksi, bado amevaa fulana ya njano inayong'aa. Kwa heshima ya shule alikuwa amevaa koti juu yake. Esperance alikaa pembeni yake. Nami nikaweka kiti changu nyuma ya bega la baba, kama nilivyofunzwa.

Bi. Dana akasema, nami nikasema: "Kwanza kabisa, nataka ujue kwamba tunajivunia sana Esperance."

Baba akatabasamu. Akanyoosha kola ya koti. Alidhani ameitwa kwa ajili ya zawadi.

Ndipo Bi. Dana akasema sentensi iliyofuata. Esperance alikijua Kiingereza kuliko mimi, kwa hiyo aliisikia kwanza. Hakumgeukia Bi. Dana. Alinigeukia mimi, akatikisa kichwa, mara moja, kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi bila kutumia mkono. Kati ya kusikia na kusema, mkalimani ana muda wa pumzi moja. Nilikuwa nao wote.

Nikasema: "Ametuambia kwamba anawapenda wasichana wenzake, na nimefurahi kwamba alituamini."

Baba hakumtazama Bi. Dana. Aligeuza shingo yote, akanitazama mimi niliyekuwa nyuma yake. Dirisha likaonekana lina mtu.

"Mama," akaniambia taratibu, "ni weye unasema ile maneno, ao ni huyu muzungu?"

"Ni yeye," nikajibu.

"Lakini kinywa ni yako."

Mkutano ulikwisha kabla ya nusu saa. Alitia sahihi alipoonyeshwa, akatushukuru sote kwa adabu, akambeba mwanawe kwa macho mpaka mlangoni. Juu ya jino halikusemwa neno. Juu ya wasichana wanne halikusemwa neno. Juu ya mlango usio na kitasa, na redio, na choo, hakuna. Bi. Dana alinishika mkono akasema mkutano umekwenda vizuri kuliko alivyotarajia.

Siku kumi baadaye nilikuwa shuleni hapo kwa kesi nyingine, nikamuuliza karani habari za Esperance. Alifungua kompyuta. "Amehama," akasema. Lilikuwa neno moja kwenye kisanduku, na faili ikafungwa.

Hakuwa amehama. Alikuwa amefukuzwa kwao. Simu ilichukuliwa, wazee wa kanisa wakaja kumwombea sebuleni siku tatu mfululizo huku wadogo zake wakifungiwa chumbani, kisha akapandishwa basi la kwenda Columbus, jimbo la Ohio, kwa shangazi yake, na watu wakaambiwa amekwenda kumsaidia kulea watoto. Haya aliniambia Mama Chantal, aliyesali kanisa moja na mama yake. Nilikwenda kwake kutafuta kufarijiwa. Nikajitetea kwamba nilifuata kanuni, sikuongeza, sikupunguza.

Mama Chantal alikuwa akimenya viazi. Hakuacha.

"Bon. Ulifuata sheria," akasema. "Na mbele ya kuingia pale ndani, uliuliza yule muzungu anataka kusema nini?"

"Hapana."

"Uliuliza kama mutoto anakubali bamusemee?"

"Si kazi yangu, Mama Chantal."

"Donc ni kazi ya nani? Minauliza tu. Ya redio?"

Nitawaambia lile ambalo hata yeye sikumwambia. Katika ile pumzi moja, mimi mama wa shule ya Jumapili niliwaza: baba ana haki ya kujua. Sikuwa dirisha. Nilikuwa mtu mwenye maoni, nikayaficha nyuma ya kanuni, na kanuni ikanifunika vizuri kama blanketi. Tangu siku hiyo, mkalimani akiniambia kwamba yeye "anafasiri tu", namtazama mikono nione anashikilia nini.

Kiangazi kilichofuata nilihamia Columbus, kwa sababu Mwende alikuwa amejifungua huko Reynoldsburg, kitongoji cha mji huo, na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Sitajisifu kwamba nilimfuata Esperance. Lakini jina la mtaa wa shangazi yake nilikuwa nimeliandika katika daftari la kufungulia juu, kati ya namba na tarehe. Kampuni ilikuwa na tawi huko, nikaendelea na kazi. Ndicho kiangazi ambacho mahakama kuu ya nchi iliruhusu ndoa za watu wa jinsia moja kila jimbo. Shule zilipofunguliwa, kila ofisi niliyoingia ilikuwa na kibendera mezani na kila mwalimu alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda kitu. Nilikwenda kukagua vyumba vya kubadilishia nguo. Mnaweza kunicheka, nilivikagua, shule baada ya shule, nikisingizia natafuta msala. Vitasa vilikuwa vilevile. Hakuna mtu mzima aliyesimama mlangoni. Ni rahisi kumpenda mtoto kwa kibendera. Kumpenda kwa kusimama mlangoni dakika kumi kila siku, hilo linahitaji miguu.

Nilianza kufanya jambo moja. Nilifika mapema, nikamsubiri mwalimu kwenye ukumbi, na kabla hatujaingia nikamuuliza: "Utasema nini humo ndani, na mtoto amekubali kisemwe?" Swali moja tu. Walimu wengi walishtuka. Baadhi walikasirika. Mmoja alinishtaki kwa kampuni kwamba najipa madaraka, nikaandikiwa barua ya onyo, ambayo jina langu humo limekosewa pia, kwa hiyo sijui kwa hakika kama ilikuwa yangu.

Novemba, ratiba ikaniletea jina la Esperance.

Shule nyingine, mji mwingine, hadithi ileile. Safari hii wanafunzi wenzake walikuwa wamempiga picha ya video akiwa amefungiwa chumba cha kubadilishia nguo, wakaieneza kwenye simu. Naibu mkuu wa shule, mwanamume mwenye tai iliyonyooka, aliniambia ukumbini kwamba atamweleza mlezi "picha nzima", kwa kuwa shule yao inaamini uwazi.

"Mwanafunzi amekubali?" nikamuuliza.

"Nilidhani kazi yako ni kutafsiri tu."

"Ndiyo. Na kila utakachosema nitakisema, kwa sauti yangu, kwa lugha anayosalia. Ndiyo maana nakuuliza sasa na si nikiwa ndani."

Alitazama saa. Esperance alikuwa amekaa kwenye benchi hatua tatu kutoka kwetu, mikono ya sweta imefunika vidole, amenitambua tangu nilipotokea mwisho wa ukumbi. Lile jino halikuwa limetengenezwa. Nilimwomba yule bwana amuulize mwenyewe. Akamuuliza, lazima nimpe haki yake, ingawa alimuuliza akiwa amesimama.

Esperance alijibu kwa Kiingereza, akinitazama mimi. "Shangazi anajua. Nilimwambia mwenyewe, jikoni, siku ya tatu tangu nifike kwake. Ni mara ya kwanza mtu wa shule kuniuliza."

Tukaingia. Shangazi yake, Riziki, alikuwa mwanamke mpana wa mabega, aliyetoka kazini katika nyumba ya wazee, bado na saa ndogo imebanwa kifuani. Naibu mkuu alianza kwa kueleza kwamba Esperance ni mwanafunzi mwenye mahitaji ya pekee ya kijamii. Nikafasiri. Riziki akanyanyua mkono.

"Ngoja. Ni nani aliweka mutoto wangu ndani ya ile chumba?"

Naibu mkuu akasema majina ya wanafunzi wengine ni siri.

"Siri," Riziki akarudia. "Ya kwake muliiweka kwa simu ya kila mutu. Ya bale ni siri. Sasa juu ya nini muliniita miye? Mimi sikufunga mulango. Bazazi ba bale batoto bako wapi? Bameitwa?"

Nilifasiri. Sikuongeza, sikupunguza, na Mungu anisamehe, nilifurahia kila neno. "Wako wapi wazazi wao?" nilimuuliza yule bwana kwa Kiingereza safi, kwa "mimi" ya Riziki, na hasira iliyokuwa katika sauti yangu haikuwa ya Riziki peke yake. Hawakuwa wameitwa. Kwa mwaka mzima, katika miji miwili, aliyeitwa mbele ya meza ni aliyevunjwa jino. Angalieni mafaili yenu wenyewe, mtaona. Anayepigwa ndiye hupewa mkutano, kijitabu na tishu. Anayepiga hupewa siri.

Tulipotoka, Riziki alinisimamisha karibu na mashine ya soda.

"Weye mama, ndiye ulisemaga kule Louisville?"

"Ndimi."

"Kaka yangu anasema sauti yako iko inamurudilia. Ya yule muzungu hakumbuke. Yako anakumbuka." Akafunga zipu ya koti. "Basi leo ulisema yangu. Si mubaya. Lakini jino iko bado."



Watu wetu huhama kwa kufuatana. Kiangazi kilichofuata Riziki alihamia Buffalo, jimbo la New York, eneo la Lower West Side, karibu na ndugu wa kanisani waliomtafutia nyumba, na Esperance akaenda naye kumalizia mwaka wa mwisho wa shule. Mimi nilifika wiki chache baadaye, kabla shule hazijafunguliwa, mume wangu alipopata kazi chuo kikuu kule Amherst, nje kidogo ya Buffalo. Mwende aliniambia kwamba nimehama sana kwa mtu anayechukia kufunga maboksi. Ninyi mlinikuta hapo Buffalo. Mlinijua kama mama mwenye swali moja la ukumbini, mkadhani ni tabia ya uzee.

Nataka mjue pia kilichobadilisha shule ile ya Esperance, maana mtu akiuliza ataambiwa ni semina. Semina ilikuwapo, nilikula sambusa zake. Kilichobadilisha ni mwalimu wa michezo, mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa askari, asiyejua kusema maneno matamu. Riziki alimwendea siku ya kwanza, nikafasiri, akamweleza habari za chumba cha kubadilishia nguo. Mwalimu yule hakutoa tishu. Alisikiliza, akaingia ofisini kwake, akatoka amebeba kiti, akakiweka kwenye kizingiti cha mlango wa chumba hicho akakaa, mgongo kwa wasichana, uso kwa ukumbi. Alikaa hapo kila kipindi mwaka mzima. Mlango ukatiwa kitasa wiki ileile, kwa sababu, alisema, upepo unampiga shingoni. Walimu wengine wawili wakaiga. Watoto ambao sikujua kama wapo wakaanza kula mezani na wenzao badala ya kula ngazini. Kilichohitajika ni kiti tu. Muda wote ule, nchi nzima, ilikuwa inahitaji kiti.

Esperance alitengenezewa jino. Akawa anacheka bila kufunika mdomo. Lakini Kiswahili alikuwa amekiacha. Riziki alimsemesha, naye akajibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wengi wa hapa, nasi tunalalamika kidogo na kuzoea. Kwake hayakuwa mazoea. Aliniambia mwenyewe: kile alichoambiwa sebuleni siku zile tatu aliambiwa kwa Kiswahili, na kile nilichosema nyuma ya bega la baba yake, pia.

Mwezi Juni, wiki moja kabla ya mahafali yake, baba yake alikuja kwa basi kutoka Louisville. Riziki alinipigia simu: kaka anataka kusema na mtoto, mtoto amekubali, lakini si nyumbani, na kwa Kiswahili hatajibu. Anataka iwe shuleni, saa tisa mchana, mlango wazi. Na anataka wewe.

"Mimi?" nikauliza.

"Hata miye nilimuuliza ivyo."

Walitupa chumba kidogo karibu na maktaba. Baba alikuwa amevaa lile koti. Amezeeka, ghala huzeesha migongo kwanza, kisha uso. Alinisalimu kwa mikono miwili. Nikachukua kiti changu nikakiweka nyuma ya bega, kwa mazoea, kisha nikaona ninachokifanya, nikakisogeza mbele, nikakaa mahali ambapo wote wawili wangeniona. Nikamuuliza kwanza anachotaka kusema. Akaniambia. Nikamuuliza Esperance kama yuko tayari kukisikia. Akasema ndiyo.

Baba akasema, nami nikasema, kwa Kiingereza, kwa "mimi" ya baba yake: "Rudi nyumbani. Mama yako haongei tena mezani. Wadogo zako wanauliza. Nimesema na wazee wa kanisa. Utarudi, na kanisani tutasema kwamba ulikuwa mgonjwa, na sasa umepona. Hakuna atakayekuuliza kitu."

Kusema maneno yale kuliniumiza meno. Lakini ni yake, naye aliyaleta kwa safari ya basi ya saa kumi na moja, akiamini ni zawadi. Kwa karibu miaka mitatu hakuwa ameomba chochote. Kilichokuwa mezani ni nyumba nzima: mama, wadogo watatu, kitanda chake, kiti chake cha sauti ya alto kwenye kwaya. Alitakiwa tu kukubali kwamba alikuwa mgonjwa.

Esperance alisikiliza mpaka mwisho, mikono mezani, vidole nje ya sweta. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, maneno machache. Nikayasikia. Nikavuta ile pumzi moja.

"Nimwambie?" nikamuuliza. "Umekubali nimwambie mimi?"

Alinitazama. Nadhani alikuwa akinitazama mimi pamoja na yule mwanamke wa Louisville, tumekaa kiti kimoja.

"Hapana," akasema. "Nitasema mwenyewe."

Akamgeukia baba yake, na Kiswahili kikatoka kikikwamakwama, chenye kutu, kile cha nyumbani kwao milimani.

"Papa, sikukuwa mugonjwa. Mulinifukuza. Mulinifukuza nikiwa na jino imevunjika, na hakuna mutu aliuliza nani aliivunja. Kama unaweza kusimama kanisani useme ivyo, nitakuya. Kama hauwezi, nitabakia kwa Shangazi, na mahafali ni Jumamosi, kiti yako iko."

Nilikuwa nimekwisha kufunga daftari. Nilitia kalamu zote mbili mkobani. Nje, kupitia mlango ulio wazi, mtu alikuwa akisukuma kitoroli cha vitabu na gurudumu moja likilia.

Baba aligeuza shingo yote, kama siku ile, akanitazama mimi, na kwa sauti ndogo akaniuliza:

"Mama, anasema nini?"

"Umemsikia, baba," nikamwambia.

Nikainuka, nikakirudisha kiti changu ukutani, nikawaachia chumba.